Arctic Monkeys: nianzie albamu ya 2006 au nikomae na AM ya 2013?

msela_wa_ilala
Wakuu habari za jioni. Hawa jamaa, bendi ya gitaa ya Uingereza, mimi nimewajulia kwenye wimbo wa I Wanna Be Yours kama wengine tu, kuna kipindi kila video ya TikTok ilikuwa inalia hiyo, nikaifuatilia nikakuta iko mwisho wa albamu inaitwa AM ya 2013, nikaipiga yote nikaielewa kinoma. Sasa kuna mwana kazini kaniambia hiyo siyo Arctic Monkeys, Arctic Monkeys ni ile ya 2006. Nikaiweka. Aisee, mwimbaji anatema maneno kama machinga anayekimbizwa na mgambo, gitaa zinagombana, nikajiuliza hivi ni watu walewale kweli? Albamu zipo saba na bando siyo la kuchezea. Nianze mwanzo nije mbele, au nitoke AM nirudi nyuma, au kuna ya katikati inayounganisha? Wajuzi mje.

kiti_cha_mbele
Nimekaa hapa na karanga zangu, najua Bi Gitaa atapita tu.

Bi_Gitaa
Nimeshafika. Anza 2006 na usijadiliane na mtu. Whatever People Say I Am, That's What I'm Not ilitoka Januari 2006 na wiki ya kwanza peke yake iliuza kopi 363,735 Uingereza, hakuna bendi iliyokuwa imewahi kuuza albamu yake ya kwanza kwa kasi ile kule. Na waliokuwa wanashikilia rekodi kabla yao unajua ni nani? Hear'Say, kundi lililoundwa kwenye kipindi cha TV, nchi nzima imewaangalia tangu siku ya usaili. Hawa wa Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza, ni vijana wanne wa miaka 19 na 20, lebo yao Domino ni ya kujitegemea, haina pesa za lebo kubwa, na bado wakapita.

Huo mwendo unaoulalamikia ndio utamu wenyewe. Alex Turner, huyo mwimbaji, anakusimulia usiku wa wikiendi mwanzo mwisho, foleni ya klabu, baunsa anayekuangalia juu mpaka chini, wana wamejibana kwenye teksi ya kurudi nyumbani, polisi, demu kanuna, na anaimba kwa lafudhi ya kwao vilevile anavyoongea. Weka The View from the Afternoon usikilize Matt Helders anavyoingia na dramu, halafu ruka mpaka ya mwisho, A Certain Romance. Ile anaanza kwa kuwaponda masela wa mtaani wanaochomeka suruali za treki kwenye soksi na kutafuta ugomvi, wimbo unavyokwenda unamuona analegea, kumbe wengine ni marafiki zake na hawezi kuwachukia. Kaandika hajafikisha hata miaka 20! AM haina wimbo hata mmoja wenye jicho kama lile, haina.

dramu_na_chapo
Wee, zii. Msee amekuja kwa I Wanna Be Yours we unamtupa ndani ya 2006, ataskiza ngoma mbili atoroke. Wacha aimalize AM vizuri kwanza. Skiza Do I Wanna Know? na hedifoni mazee, ule mguu wa dramu na makofi, polepole hivyo, gitaa moja nzito juu yake, halafu Helders na Nick O'Malley wa besi wanapanda na zile sauti nyembamba za nyuma kama R&B. Hiyo kitu walikuwa wameskiza hip hop ya Marekani sana, Turner mwenyewe alikuwa anataja biti za Dr. Dre kwa mahojiano. Bendi ya gitaa kutoka Uingereza kuweka albamu namba 6 kwa Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, mwaka 2013, wakati kila mtu alikuwa anasema gitaa zimeisha, si mchezo.

Na by the way, maneno ya I Wanna Be Yours si ya Turner, ni shairi la John Cooper Clarke, mshairi wa Salford. Kama unapenda hiyo tu, huko nyuma hutapata kama hiyo.

Bi_Gitaa
Nyimbo kama Cornerstone je? 505 je? "Huko nyuma hutapata", we dramu umesikiliza kweli?

chuma_ulete
Tunabishana albamu wakati hawa ni zao la intaneti tu. MySpace, ule mtandao wa kijamii wa zamani, ndiyo iliwatoa, bila MySpace wangekuwa wanapiga harusini mpaka leo. Hata huyu msela kaletwa na TikTok, ni kilekile.

nipo_sheffield
Chuma hiyo stori imeandikwa sana kwenye magazeti mpaka ikakubalika, ila waulize watu wa huku. Mimi naishi Sheffield, hawa wametoka High Green, ni pembezoni kabisa kaskazini mwa mji. Turner na Helders wamesoma pamoja tangu shule ya msingi, Jamie Cook alikuwa jirani. Turner na Cook walipewa magitaa Krismasi ya 2001, Helders akaangukia dramu kwa sababu ndicho chombo kilichokuwa kimebaki, besi akashika Andy Nicholson. Shoo ya kwanza walipiga Juni 2003 kwenye baa ya The Grapes, hapo Trippet Lane katikati ya mji, baa ndogo ya kawaida sana, ukipita bila kuambiwa hugeuki.

Kilichofuata ni CD. Walikuwa wanarekodi demo hapahapa Sheffield, wanachoma CD wenyewe, wakimaliza shoo wanagawa bure. Waliopewa wakaanza kukopiana, wakaziweka kwenye intaneti, wakaupa ule mkusanyiko jina la Beneath the Boardwalk, kwa ajili ya ukumbi wa Boardwalk ambako walikuwa wanapiga na Turner alikuwa anauza baa (ukumbi wenyewe ulishafungwa). Hiyo kurasa ya MySpace waliifungua mashabiki, bendi yenyewe walikuja kusema hawakuwa wanajua hata inavyofanya kazi. Ndio maana ukumbi ulikuwa unajaa watu wanaoimba mstari kwa mstari ngoma ambazo hazijatoka rasmi, waandishi wa London wakawa wanashangaa hawa wamezijulia wapi.

Mei 2005 wakatoa singo yao wenyewe kwa lebo waliyoiita Bang Bang, kopi 1,500 tu, ukichanganya CD na sahani za santuri. Domino wakawasaini mwaka huohuo. Oktoba I Bet You Look Good on the Dancefloor ikaingia namba 1 Uingereza moja kwa moja. Kwa hiyo lebo ilikuta kazi imeshafanyika nusu.

chuma_ulete
Sasa CD zilizowekwa kwenye intaneti si intaneti hiyohiyo? Msimamo wangu uko palepale. Wangegawa CD mwaka 1995 zingeishia Sheffield.

dramu_na_chapo
Hapo Chuma ako na point kidogo. Lakini hata hizo bendi zingine zilikuwa na MySpace, mbona hatuziongelei?

Mzee_wa_Besi
Naona mnamzungusha kijana, aliuliza njia ya kusikiliza. Msela, swali lako la tatu ndilo lenye akili: ipo ya katikati, inaitwa Humbug ya 2009, na hapa wote mmeiruka.

Angalia mpangilio. Baada ya albamu ya kwanza Nicholson akatoka katikati ya 2006, akaingia Nick O'Malley. Aprili 2007 wakatoa Favourite Worst Nightmare, ya haraka na nzito kuliko ya kwanza, Brianstorm pale mwanzo Helders anapiga mpaka unahisi mkono wako wewe ndio unaochoka, na mwaka huohuo wakafunga usiku kwenye tamasha kubwa la Glastonbury wana albamu mbili tu. Mtu mwingine angetoa ya tatu inayofanana na hizo mbili akala hela yake. Wao wakaenda jangwani California, Joshua Tree, kwenye studio inaitwa Rancho De La Luna, wakamkabidhi kazi Josh Homme wa bendi ya Kimarekani ya Queens of the Stone Age. Wakarudi na mwendo umepungua, gitaa zimekuwa na giza, Turner ameacha kukimbia sasa anaimba, na nywele zimefika mabegani. Mashabiki wa Uingereza wengi walinuna kwelikweli. Waliotaka wimbo wa kurukaruka wakakuta Crying Lightning.

Lakini sikiliza Humbug halafu weka AM. Ule uzito wa Do I Wanna Know? umetoka jangwani. Homme mwenyewe yupo kwenye AM, anaitikia nyuma kwenye One for the Road na Knee Socks. Na kati ya hapo kuna R U Mine? ambayo walitoa peke yake mwanzoni mwa 2012, haikuwa ya albamu yoyote, wakati huo wako Marekani wanawafungulia shoo bendi ya huko, The Black Keys. Hebu fikiria, watu ambao kwao albamu nne zote zimeshika namba 1 wanapanda jukwaani taa hazijazimwa vizuri, watazamaji bado wananunua bia. Wakaona ngoma ile inavyowashika Wamarekani, wakaijengea albamu nzima. Kwa hiyo AM haikudondoka toka mbinguni, na wala hawakuuza roho kama yule mwana wa kazini anavyotaka kusema.

Ushauri wangu: AM, Humbug, Favourite Worst Nightmare, ya kwanza. Unarudi kinyumenyume, kila hatua spidi inaongezeka kidogo, ukifika 2006 masikio yameshazoea.

Bi_Gitaa
Kinyumenyume unapoteza mshtuko. Sisi tulioisikia Humbug baada ya zile mbili tulihisi kitu ambacho huyu hatakihisi. Ila kuhusu 505 mpitishie pale kwenye Favourite Worst Nightmare, ndiyo ya mwisho, kinanda kinaanza kimya kimya halafu katikati gitaa zinalipuka. Nayo imekuja kupata watoto wa mtandaoni miaka mingi baadaye bila mtu kuisukuma.

kiti_cha_mbele
Na hizi za mwisho mbona hakuna anayezisogelea? Tranquility Base Hotel & Casino niliweka mara moja nikadhani nimekosea bendi.

dramu_na_chapo
Hiyo ni ya 2018, manyake Turner alipewa piano akitimiza miaka 30, meneja ndiye alimpatia, akaanza kuandika akiwa amekaa hapo. Ndio akatoa stori ya hoteli iko mwezini, jina limetoka kwa ile sehemu Apollo 11 ilitua. Mimi nilitoka hapo. Ngoma nzima unangoja korasi na korasi haiji.

Mzee_wa_Besi
Mimi naipenda kuliko AM, nasema bila aibu. Besi ya O'Malley kwenye Star Treatment imetulia mno. The Car ya 2022 ni dada yake, imewekwa vinanda na mafidla mengi, na ndiyo albamu pekee ya kwao ambayo haikufika namba 1 Uingereza, ilikuwa ya 2, kwa sababu ilitoka siku moja na Midnights ya Taylor Swift. Lakini kwa mgeni hapana, ziache mwisho kabisa, usizisikilize ukiwa kwenye daladala.

nipo_sheffield
Kama shida ni bando, kuna njia fupi. Chukua albamu ya jukwaani, Live at the Royal Albert Hall, walirekodi kwenye ukumbi huo wa London Juni 2018 ikatoka Desemba 2020, mapato waliwapa War Child, shirika la kusaidia watoto wa vitani. Nyimbo 20, zimetoka albamu zote sita za wakati huo. Pale unasikia Star Treatment na I Bet You Look Good zimekaa usiku mmoja na watu walewale, utajua mwenyewe ipi inakuvuta, halafu ndiyo unashusha hiyo albamu nzima. I Wanna Be Yours haimo lakini, nakwambia mapema usije ukanitafuta.

Bi_Gitaa
Hilo nalikubali kidogo. A Certain Romance nayo haimo, ila sawa.

msela_wa_ilala
Aisee nashukuru sana, sikutegemea uzi uende hivi. Nimepiga hiyo ya Royal Albert Hall njiani leo, Crying Lightning nimeirudia rudia na 505 ndiyo usiseme, kwa hiyo naona Mzee wa Besi kanipata, nashusha Humbug usiku huu bando la usiku likiingia. Bi Gitaa usininunie, ya 2006 itafika tu. Swali la mwisho: nimehesabu hapa naona kuna ya 2011, Suck It and See, hakuna hata mmoja aliyeitetea. Ni mbovu au?

dramu_na_chapo
Haina makosa, iko tu hapo.

Mzee_wa_Besi
"Iko tu hapo", we bwana una dharau. Ni ya mapenzi, gitaa laini, jua linawaka, walirekodia Los Angeles, ukiondoa Don't Sit Down 'Cause I've Moved Your Chair ambayo bado ina vumbi la Humbug. Isikilize baada ya Humbug, usiitangulize, na ukibanwa na muda nenda moja kwa moja ya mwisho, That's Where You're Wrong, kodi (chords) mbili tu gitaa inazizunguka mwanzo mpaka mwisho na hutaki iishe.