Mwanafunzi anayeanza kupotea: tumjue wiki ya ngapi, na tumwambie nini?

Mlezi_Uyole:
Habari zenu wakuu. Chuo cha kati hapa Mbeya, stashahada mwaka wa kwanza: wanafunzi 140, wakufunzi sita, walezi wawili, muhula wa wiki 15. Kwa sasa anayeyumba tunamjua jaribio la kwanza likishasahihishwa, wiki ya 8 au 9, na hapo koziweki (alama za kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho) imeshaharibika. Vifaa ni Eksel na simu tu. Tufuatilie dalili zipi, kuanzia lini? Na kusifia nako kunasaidia, au kunawalevya?

Kihesa_Juu:
Mwalimu, msisubiri jaribio. Toeni zoezi fupi la alama 10 kabla wiki ya 3 haijaisha, lisahihishwe wiki hiyo hiyo. Kwenye koziweki libebe alama 2 tu, maana kazi yake ni kuonyesha nani hakukusanya. Asiyekusanya nampa uzito kuliko aliyepata 3. Huyu wa 3 bado yupo darasani.

Dalili tatu zinatosha: kukosa vipindi viwili mfululizo vya somo moja, kutokukusanya zoezi la kwanza, kupata chini ya 5. Mwenye moja atumiwe ujumbe. Mwenye mbili apigiwe simu ndani ya siku mbili. Zikifika tatu, muonane ana kwa ana. Karatasi ya mahudhurio msiiamini peke yake, wenzake humsainia. Hesabuni vichwa mlinganishe.

Jedwali liwe na namba ya usajili, somo, dalili, tarehe, nani kaongea naye, na kilichofanyika. Safu hiyo ya mwisho isipojazwa mpango unakufa: mkufunzi anapeleka majina, harudishiwi jibu, wiki ya 6 anaacha kupeleka. Kila Ijumaa arudishiwe japo sentensi moja kwa kila jina.

Halafu pimeni nguvu yenu. Walezi wawili, simu 12 kila mmoja kwa wiki, ni 24. Orodha ikitoa majina 60, anzeni na wenye dalili mbili kwenda juu.

Tukuyu_Takwimu:
Nyongeza: dalili haisemi sababu. Desemba na Januari huku kwetu ni kupanda na kupalilia, na kuna anayeitwa nyumbani Makete au Ileje kushika jembe. Mwingine anajificha kwa deni la ada, mwingine kodi ya geto imeisha. Ukianza na "mbona huji darasani?" hutaambiwa.

Na msijidanganye kwenye kupima. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilikuwa na mfumo wa taa za kijani, njano na nyekundu, ukasifiwa kwamba unawafanya wanafunzi wasiache chuo. Mwaka 2013 wachambuzi wakaonyesha hesabu huenda imegeuzwa: waliobaki chuoni muda mrefu ndio waliopata nafasi ya kusoma kozi nyingi zenye taa. Kwenu pia, waliopokea simu zenu si lazima wafanane na wasiopokea. Linganisheni mwaka mzima na mwaka uliopita, somo kwa somo.

Mlezi_Uyole:
Asanteni sana. Huo ujumbe uandikweje?

Ilula_Somo:
Taja ulichokiona, mwisho wa muda, na hatua moja:

"Habari yako, ni mlezi wako. Zoezi la Hesabu la Ijumaa sijaona jina lako. Linapokelewa hadi Jumatano saa 10 jioni. Kuna kinachokukwamisha? Nipo ofisini kesho saa 8 mchana, au nijibu hapa."

Neno "kudisko", yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, lisiwemo. Wiki ya 4 linamfukuza mtu ambaye bado anaokoka. Tumia meseji ya kawaida, si wote wana bando, na kamwe usipitishe kwenye grupu la darasa wala kwa kiongozi wa darasa.

Kusifia kunalevya ukisifia akili. Ukimwambia "una kichwa" ataanza kukwepa maswali magumu asije akaonekana hana. "Hongera, endelea hivyo" nayo haimwambii aendelee na nini. Sifia alichofanya: "Umetoka 4 hadi 7, na safari hii umeonyesha kila hatua. Fanya hivyo hivyo kwenye jaribio." Wanaostahili kwanza si wale watano wa juu waliozoea, ni waliopanda, hata kutoka 2 kwenda 4.

Aliyeitika simu mkamfuta kwenye orodha, mwambieni kwamba mmemfuta. Bila hivyo anaendelea kuamini chuo kinamhesabu kuwa amefeli, na anaweza kuacha akiwa hapo hapo. Ujumbe huo uende siku ile ile jina linapofutwa.