Pat Summitt: nusu fainali 18 au 22? Na ribaundi alizifundishaje?

Kona_ya_Tatu
Wakuu, naandaa somo fupi kuhusu Pat Summitt, aliyekuwa kocha wa mpira wa kikapu wa wanawake Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, kwa timu ya wasichana chini ya miaka 16. Kuna panapoandikwa alizifikisha timu zake nusu fainali za kitaifa mara 18, pengine 22. Ipi sahihi? Halafu kila mtu anasifu ribaundi zao (kuudaka mpira uliorushwa ukakosa kuingia), ila sioni anayeeleza zinafundishwaje. Niwape zoezi gani?

Karani_wa_Skoa
Zote sahihi. 18 ni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, kilichoanza mashindano ya wanawake mwaka 1982. Kabla ya hapo michezo ya wanawake vyuoni ilikuwa chini ya chama kingine, AIAW, na huko alifika mara 4. Ubingwa wake wote 8 ni wa NCAA: 1987, 1989, 1991, 1996, 1997, 1998, 2007 na 2008.

Pa kuteleza ni hapa: ile 1,098 ya ushindi (alipoteza 208) inahesabu misimu yote 38, tangu 1974. Kwa hiyo ukiandika 1,098 ubaoni, inayokaa pembeni yake ni 22. Na usiseme bado ni rekodi. Kocha Tara VanDerveer aliipita Desemba 2020, kisha kocha Geno Auriemma akampita Tara 2024.

Mstari_wa_Kati
Mkuu, usiruke mchezo wa watu sita, maana bila huo hawataelewa alipigania nini. Shule za sekondari za Tennessee ziliwachezesha wasichana sita kila upande: watatu wanashambulia tu, watatu wanalinda tu, na hakuna kuvuka mstari wa kati. Mlinzi mzuri angeweza kumaliza shule hajawahi kurusha mpira kwenye mechi. Akifika chuo, ambako ni watano na uwanja mzima, anaanza upya kama mtoto. Summitt aliupinga hadharani, na jimbo likauacha 1979. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko makombe.

Waambie pia alipewa timu akiwa na miaka 22 tu, kwa dola 250 kwa mwezi, jezi akifua mwenyewe na gari la timu akiendesha mwenyewe.

Kiwiko_Chini
Kuhusu ribaundi. Weka watatu kwa watatu, walinzi ndani, washambuliaji nje. Kocha anarusha mpira akikusudia kukosa. Mlinzi afuate mpangilio huu: amtazame mtu wake, amguse kwa mkono wa mbele, ageuke ampe mgongo na kumzuia kwa makalio, magoti yamekunjwa, ndipo autafute mpira. Walinzi hawatoki mpaka wachukue tatu mfululizo. Wakipoteza moja, hesabu inarudi sifuri.

Kinachoharibika karibu kila mara ni macho. Mpira ukiruka wote wanatazama ringi, mshambuliaji anapita nyuma. Kosa la pili ni kugeuka mapema: ukigeuka hujamgusa, hujui anaelekea upande gani. Wakikosea hivyo, ondoa mpira kabisa kwa dakika tano, wafanye miguu peke yake.

Tennessee walifanya mazoezi dhidi ya wavulana. Ukiwapata, wape kazi ya kuiga mpinzani wenu ajaye. Ukiwaacha wacheze kushinda, wasichana wataacha kuingia ndani kwa kuogopa kuzuiwa.

Kona_ya_Tatu
Asanteni. Msimu wa mfano niuchukue wa 1997/98, ule wa 39-0?

Karani_wa_Skoa
Chukua uliotangulia. 1996/97 walipoteza mechi 10 na bado wakawa mabingwa. Mchezeshaji wao Kellie Jolly alikuwa ameumia goti, na aliporudi katikati ya msimu timu ikaanza kutulia. Timu ya vijana itajifunza zaidi kwa 29-10 kuliko kwa 39-0.

Mstari_wa_Kati
Ukifika kwenye ugonjwa, weka tarehe sawa: alitangaza kuwa ana Alzheimer's, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, Agosti 2011, akafundisha msimu mmoja zaidi huku msaidizi wake Holly Warlick akibeba sehemu kubwa ya kazi, akaachia ngazi Aprili 2012. Alifariki Juni 2016, akiwa na miaka 64. Wengi huandika kwamba alistaafu siku alipotangaza, si kweli.