Tupeane uzoefu: kupiga roki ya Meksiko jukwaani, kuanzia guitarrón hadi besi mbili

Mleta mada: Wakuu, bendi nyingi zikichukua nyimbo za Café Tacvba, Caifanes au Molotov, kinachotoka ni roki ya kawaida yenye maneno ya Kihispania. Magitaa yako sawa. Shida iko kwenye mwendo na sauti za chini. Wenye ujuzi wa vyombo, mwageni mbinu.

NyuziNane: Tuanze na guitarrón, besi kubwa ya mariachi (vikundi vya muziki wa asili wa Meksiko). Noti za nyuzi zake sita, kuanzia uzi mnene: A-D-G-C-E-A. Angalizo: sauti ya ile A ya mwisho iko chini ya C na E, haiko juu yake. Ukiipandisha kama uzi wa kwanza wa gitaa, itakatika. Chombo hakina freti (vile vyuma vya shingoni), na hupigwa nyuzi mbili kwa pamoja, oktava, yaani noti ileile ya juu na ya chini. A ni rahisi, unadonoa ya juu na ya chini zikiwa wazi. D unachukua uzi wa tano wazi, pamoja na wa tatu (C) uliobanwa toni moja juu. Ukidonoa uzi mmoja tu, dramu zikiingia hausikiki tena.

Fundi Mitambo: Naongezea. A ya chini ni 55 Hz na boksi lenyewe ni pana, kwa hiyo spika ya jukwaani ikilitazama linaanza kuvuma. Weka pikapu (kinasa sauti cha chombo) chini ya daraja, msogeze mpigaji kando ya spika, halafu tafuta masafa yanayovuma uyapunguze hayo tu. Wanaokata besi yote wanabaki na chombo kinacholia kama kopo.

NyuziNane: Jarana, gitaa dogo la Veracruz, nayo ina nyuzi 8 katika makundi 5, matatu ya kati yakiwa ya nyuzi mbilimbili. Tyuni ya kawaida ni G-C-E-A-G. Nailoni mpya hulegea, kwa hiyo tyuni, iache kidogo, rudia. Vigingi vya mbao vikiteleza, vipake chaki.

Mdundo: Kwa La Negra Tomasa ya Caifanes (1988), hiyo ni kumbia, mdundo wa dansi wa Amerika ya Kilatini. Güiro, kile chombo cha kukwaruza, inakwaruzwa ndefu moja, fupi mbili, bila kukatika. Mpiga dramu akigonga snea kwa nguvu za roki, güiro inazama na wimbo umekwisha.

Mleta mada: @Mdundo, na son jarocho, ule muziki wa Veracruz wa jarana?

Mdundo: 6/8, lakini ndani yake kuna 3/4 inayoivuta. Aliyekulia kwenye chakacha hatasumbuka sana. Snea kwenye pigo la pili na la nne, kama ya roki, isahau kabisa.

Fundi Mitambo: Molotov wana wapiga besi wawili, Micky Huidobro na Paco Ayala. Mkiiga wimbo wenye besi mbili, msiziache zote chini, zitagombana na kuwa uji. Moja ishike chini safi. Ya pili ikatwe chini ya 120 Hz hivi, iongezwe mkwaruzo, isikike kwenye sauti za kati. Jaribuni kwanza besi zote mbili na dramu la mguu, magitaa yakiwa kimya.