Mbu wa Asia kwenye matangi: malaria itaingia mjini?

Mkazi wa Isiolo: Habari zenu ndugu. Mwaka 2022 mbu aitwaye Anopheles stephensi alibainika katika kaunti jirani ya Marsabit. Huku kwetu maji ya mfereji ni ya kubahatisha, kwa hiyo kila boma lina tangi au mapipa. Je, mbu huyu anatofautianaje na wale tuliowazoea, na vyandarua vitatufaa?

Afisa wa afya ya jamii: Tofauti kubwa ni mahali anapotaga. Anopheles gambiae, yule tuliyemzoea, hupenda madimbwi yanayopigwa na jua baada ya mvua, hivyo kiangazi kikikaza naye hupungua; huyu mgeni, ambaye asili yake ni Asia Kusini na Rasi ya Arabuni, hutaga kwenye matangi, mapipa na mashimo ya maji ya mafundi ujenzi, na kiangazi, ambapo watu huhifadhi maji kwa wingi, hakimpunguzii kitu. Huko Dire Dawa, Ethiopia, malaria ililipuka mwaka 2022 katika msimu wa ukame. Chandarua usikiache, ila ujue kwamba mbu huyu huuma hata nje, tena jioni kabla watu hawajalala, na dawa nyingi za kuua wadudu ameshazizoea.

Mtaalamu wa maabara: Naongezea habari ya Jibuti, alikoonekana mwaka 2012, wakati nchi nzima iliandikisha wagonjwa 27 tu, kufikia 2020 walikuwa wamezidi 73,000. Hata hivyo, nisingemtwika mbu lawama yote, kwa kuwa vimelea vingi vya huko vimepoteza protini inayotafutwa na vipimo vya haraka, na mgonjwa anayeambiwa hana malaria hurudi nyumbani akiwa chanzo cha maambukizi.

Mkazi wa Isiolo: Nashukuru. Mfuniko wa tangi langu umepasuka. Je, wavu unatosha?

Afisa wa afya ya jamii: Unatosha ukiwa wa matundu madogo na ukifungwa kwa kukazwa, pamoja na bomba la kupitishia hewa, ambalo wengi hulisahau. Mapipa yamwage na kuyasugua kuta kila wiki, kwa sababu kiluwiluwi huhitaji siku kadhaa kabla ya kuruka. Faida nyingine, ambayo watu wa Mombasa wataielewa upesi, ni kwamba mbu wa homa ya dengi naye huzaliana humo humo.