Maboga ya Halloween barazani, Malindi

Wageni wanataka baraza ipambwe tarehe 31 Oktoba kwa Halloween, sherehe ya mizimwi ya kizungu: maboga yaliyochongwa sura, taa ndani, na popo wa karatasi. Boga lichongwe lini lisioze, na taa gani? Paa ni makuti.

— Chonga tarehe 30 jioni, kwa joto letu si kabla. Tundu likate chini, kikonyo kibaki. Komba hadi ukuta ubaki kama sentimita 2. Nyuzinyuzi ndizo huvunda kwanza. Kingo zipake mafuta ya mgando zisinyauke.

— Mshumaa chini ya makuti? Hapana kabisa! Taa ndogo za betri. Popo wa karatasi watachanwa na upepo. Kata turubai jeusi, uwaning'inize kwa mshipi wa kuvulia.

— Boga likalie bakuli lililofudikizwa kwenye sahani yenye maji, lisiguse maji, sisimizi wasipande. Nyama usitupe jamani, pika na tui.