Paka mchanga aliyehasiwa alishwe nini?

BintiTanga: Habari zenu. Nina paka dume wa miezi minane aliyehasiwa mwezi uliopita, na tangu hapo hakomi kulia mbele ya jokofu, ingawa anakula ugali kwa mchuzi wa dagaa asubuhi na jioni. Nimlishe nini asije akanenepa?

MzeeChumbageni: Binti yangu, paka ni mla nyama. Ugali humshibisha bila kumjenga, kwani anahitaji taurini, kirutubisho kipatikanacho katika nyama na samaki, ambacho hakimo katika nafaka, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Paka akishahasiwa, hamu ya kula huongezeka ilhali mahitaji yake ya nguvu hupungua. Kwa hiyo mpimie chakula, usiache bakuli limejaa kutwa. Mchuzi wenye kitunguu ukome leo hii, maana kitunguu ni sumu kwake.

PakaWaNyali: Wangu nilimlisha chakula kikavu kitupu, hadi siku moja nikamkuta amechuchumaa kwenye mchanga wake, anajikamua bila kutoka hata tone la mkojo. Daktari wa mifugo alimzibua usiku uleule. Sasa humpa cha kopo, au kikavu nilichokilowesha maji.

BintiTanga: Ahsanteni. Kitunguu kimo, tena kingi. Na maini ya kuku je?

MzeeChumbageni: Kipande kidogo kwa wiki kinatosha, kwani vitamini A ikizidi hudhuru mifupa. Mpe chakula kamili cha paka wanaokua hadi atimize mwaka.