Seva moja kwa barua pepe, faili na ngome ya mtandao (firewall): tukubali?

Muulizaji, Shimanzi: Ofisi yetu ya uwakala wa forodha ina kompyuta 12 na seva moja yenye kadi mbili za mtandao. Mwenye ofisi anataka seva hiyo ipokee barua pepe, itunze nyaraka za mizigo na iwe pia ngome kati yetu na intaneti. Je, tukubali, au ngome iwe na mashine yake?

Mdau wa Nyali: Si jambo geni. Windows Small Business Server 2003, mfumo wa seva wa Microsoft kwa ofisi ndogo, toleo la Premium, iliuzwa kwa mpango huo huo, ingawa toleo la 2008 liliondolewa kazi ya ngome. Hatari ni kwamba mashine inayoelekea nje ndiyo hiyo hiyo inayotunza faili: ukikosea kanuni moja, poti 445, mlango wa kushirikiana faili, ikabaki wazi, nyaraka zenu ziko barazani. Wareno walipozingirwa Ngome Yesu kuanzia 1696 hadi 1698, watu, chakula na baruti vyote vilikuwa ndani ya kuta zile zile, na kuta zilipopandwa vyote vilikwenda pamoja.

Mdau wa Likoni: Hoja ya Ngome Yesu naikubali nusu. Nimekaa na mpango wa mashine moja kwa miaka mitatu, na kilichonitesa si wezi bali masasisho: kila kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilinilazimu kuwasha mashine upya, na barua pepe, faili na intaneti vikazimika kwa pamoja, huku karani aliye katikati ya kujaza fomu akinijia juu. Proxmox, programu ya kugawa seva moja kuwa kompyuta kadhaa za kiprogramu (mashine pepe), ikiwa na mashine pepe tatu hupunguza adha hiyo, lakini chuma kinabaki kimoja.

Mdau wa Kizingo: Mimi ningeanza kwa kuitoa barua pepe. Watoa huduma wengi wa intaneti huzuia poti 25, inayotumiwa na seva kutumiana barua pepe, na anwani ya IP isiyo na rekodi ya PTR (inayoonyesha jina la mashine yenye anwani hiyo) inayofaa hufanya barua zenu zitupwe kwenye kapu la taka. Kodisheni huduma hiyo nje. Faili zibaki ofisini, kwa sababu hati zilizoskaniwa ni nzito na zinahitajika hata intaneti ikikatika. Kwa ngome, kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao na OPNsense, mfumo huria wa ngome, inawatosha.

Muulizaji, Shimanzi: Ahsanteni. Kompyuta kuukuu ipo stoo, imeshika kutu kidogo kwa hewa ya chumvi, lakini inawaka. Nitaanza na ngome, kisha nimpelekee mwenye ofisi bei za kukodi barua pepe.